"Na Wengine Wengi" Si Jina la Mtu

PAZIA WAZI
Na Rehema Mdoe

Mjapani akitaka kumsifia kijana mwenye sura nzuri humwita nimaime. Mcheshi wa kundi, yule anayewavunja wenzake mbavu, ni sanmaime. Wengi wanaoyatumia maneno haya leo hawajakanyaga ukumbi wa kabuki, ila ndiko yalikozaliwa, kwenye mbao za matangazo zilizotundikwa nje ya kumbi hizo. Nimaime ni ubao wa pili, sanmaime ni wa tatu.

Kabuki ni tamthilia ya jadi ya Kijapani inayochezwa na wanaume watupu, hata katika nafasi za wanawake. Zamani mbao za nje zilikuwa nane kwa kawaida, kila ubao na jina la mwigizaji wake. Wa kwanza ulikuwa wa nyota wa mchezo. Wa pili ulimtaja kijana mtanashati wa kucheza mapenzi, na wa tatu mchekeshaji. Mpita njia alihesabu tu mbao, akajua anakwenda kumwona nani.



Mwandiko nao una habari yake. Mwaka 1779 Okazakiya Kanroku, mwalimu wa mwandiko mjini Edo, ambao sasa ni Tokyo, aliandika bango la ukumbi wa Nakamura-za kwa herufi nene, zilizobanana hadi ubao karibu usionekane, na mistari yake imepinda kuelekea ndani. Ilikuwa ni dua: viti vijae, pasibaki pengo, watu waingie. Mpaka leo, kabla ya maonyesho ya Desemba katika ukumbi wa Minamiza, Kyoto, majina ya waigizaji huandikwa kwa mwandiko huo juu ya mbao za mti uitwao hinoki. Wino huchanganywa na sake, pombe ya mchele, ili ung'ae.

Kazi yote hiyo ni kwa ajili ya majina. Na wa tatu naye alikuwa na ubao wake.

Sasa tazama mabango yetu ya michezo ya kuigiza. Uso wa nyota umemeza nusu ya karatasi. Kuna kiingilio, namba ya simu ya mwandaaji, nembo za wadhamini zimepangwa foleni. Kisha, chini kabisa: "na wengine wengi". Hao wengine wengi ndio mama mwenye nyumba mkali, mlevi wa mtaa, mjumbe mpokea rushwa, watu ambao bila wao nyota angebaki anazungumza peke yake jukwaani. Wamefanya mazoezi usiku baada ya kazi, wengine kwa nauli tu. Msanii chipukizi akienda kuomba nafasi kwenye kikundi kingine, bango ndilo cheti chake. Lisilo na jina lake linamthibitishia nini?

Waandaaji hunijibu kwamba nafasi ni finyu. Siikubali hoja hiyo wakati nembo zote zimeenea. Andikeni majina kamili ya waigizaji wote na nafasi wanazocheza, hata kwa herufi ndogo. Karatasi ikiwa haitoshi, punguzeni picha ya nyota; yeye tunamjua tayari.