MFANYA KAZI APIMWE MOYO LANGONI PA KAZI



Presha ya damu haipigi hodi. Mtu aweza kubeba magunia tangu asubuhi hata jioni asisikie maumivu yoyote, kumbe damu yasukuma mishipa kupita kiasi na moyo wachoka kidogo kidogo. Siku aangukapo, watu husema ni ghafula. Si ghafula. Ni jambo la miaka mingi, nalo lingalijulikana kwa kipimo cha dakika chache.

Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne hapa Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa hata mara moja. Je, hao ni wavivu? Hata kidogo! Kibarua akaaye Mukuru au Mathare, ambaye asipofika kazini halipwi, ataipata wapi siku ya kupanga foleni zahanati? Kinachomshinda si kipimo. Ni ujira wa siku ile, na chakula cha watoto jioni.

Mwaka 2023 Serikali iliwapa wahudumu wa afya wa vijijini na mitaani wapatao 100,000 mikoba ya vifaa, na kipimo cha presha kimo. Jambo hilo ni jema, nasi twalisifu. Lakini mhudumu apitapo nyumbani mchana, sisi tuko kiwandani. Tena tangu Oktoba 2024 mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya. Basi hatuombi sadaka.

Twataka mambo matatu. Kwanza, kipimo kije langoni pa kazi wakati wa zamu, na dakika hizo zilipwe, kwa vibarua pia. Pili, majibu yawe siri ya mfanya kazi na muuguzi, yasifike mezani kwa mwajiri. Mtu akiogopa kufutwa, hatatoa mkono wake upimwe. Tatu, atakayeonekana ana presha apewe ruhusa ya kwenda kuchukua dawa. Kumpima mtu na kumnyima dawa ni kumwambia nyumba yako yaungua, kisha kumficha ndoo.

Nasi tuna wajibu wetu. Kabla ya kupimwa, keti utulie dakika tano. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, usikate tamaa: rudi siku nyingine upimwe tena. Ukipewa dawa, usiiache kwa sababu wajisikia mzima. Na chumvi, tuipunguze.

Wawakilishi wa kila idara, lipelekeni neno hili katika mkutano wenu ujao na mwajiri. Mashine ya kiwanda hukaguliwa na kutiwa mafuta kabla haijavunjika. Je, aiendeshaye ana thamani ndogo kuliko chuma?

Umoja ni nguvu.