Kunawa Mikono

Siku moja mama mmoja alimleta binti yake kliniki. Binti alikuwa mja mzito, naye bado mwanafunzi. Mama akaniambia kwa Kiingereza, "I wash my hands of her." Maana yake: simo tena, litakalompata shauri yake.

Je, wajua msemo huu umetoka wapi? Umetoka katika Biblia, Mathayo 27:24. Pilato alinawa mbele ya umati kuonyesha kwamba damu ya Yesu haimhusu. Lakini maji yale hayakubadili hukumu.

Sisi wauguzi twanawa kwa sababu nyingine. Mwaka 1847, huko Vienna, Daktari Ignaz Semmelweis aliwaagiza madaktari kunawa kwa maji yenye klorini kabla ya kuwapima wajawazito. Vifo vya homa ya uzazi vikapungua sana. Walinawa ili wamguse mgonjwa, si ili wamkimbie.

Nilimwonyesha yule mama beseni na sabuni. "Nawa, dada, kisha umshike binti yako mkono." Alilia, akanawa.

Je, nyumbani mwako yuko uliyekwisha kumnawia mikono? Leo nawa tena, ukamshike.