Mbio Kiganjani, Malori Barabarani

SAUTI YA MLIMANI
Na Hellen Jerop

Safari Rally, mbio za magari za Kenya, ilirudi katika ubingwa wa dunia wa rali (WRC) Juni 2021, baada ya kukosekana kwa miaka 19. Wachezaji wa gemu walikuwa wameshatangulia. Mashindano yaliyopangwa kufanyika Julai 2020 yalifutwa kwa sababu ya korona, na Septemba mwaka huohuo kampuni ya Ufaransa, KT Racing, ikatoa gemu ya WRC 9 yenye barabara za Kenya ndani yake. Machi 2021 gemu hiyo ikafika kwenye Nintendo Switch, mashine ndogo unayoishika mikononi na kwenda nayo hata kitandani. Mtoto wa Japani au Ureno aliweza kulitimua vumbi la Kenya kabla hata dereva Sébastien Ogier hajaja Naivasha kushinda mbio zenyewe.

Nalitaja jambo hili kwa sababu ya malalamiko ninayoyasikia kwa wazazi hapa Timboroa. Mtoto akipata gemu ya magari, iwe kwenye mashine ya PSP ya mtumba au kwenye simu ya baba yake, hasikii akiitwa. Viazi havipaliliwi. Halafu linafuata lile kubwa zaidi: kwamba mtoto huyu anafundishwa wazimu wa barabarani, kesho ataua watu kwa matatu.

Kuhusu viazi, wazazi wana haki, kazi ya nyumbani ina saa zake. Hilo la pili nalikataa. Breki mbovu, uchovu wa dereva, haraka ya kufikisha mzigo na tabia ya kupita gari lingine kwenye kona havikuzaliwa kwenye skrini. Wanaotuzika katika barabara ya Nakuru hadi Eldoret ni watu wazima, wenye leseni, na wengine wana waajiri wanaowahesabia saa.

Tena gemu ya rali ikitazamwa vizuri ina mafunzo. Navigeta anamsomea dereva kona ambayo bado haijaonekana: upande wake, ukali wake, kama inakaza au inafunguka, kama mbele kuna mwamba. Mchezaji anayekanyaga mafuta bila kusikiliza anaishia mtaroni, na gari lililopondeka linajiburuta hadi mwisho wa mbio. Nimemwona kijana mmoja sokoni akipunguza mwendo kabla ya kona kwa sababu tu ameambiwa. Ni nidhamu ambayo ningeitamani kwa kila dereva anayeteremka kutoka huku juu asubuhi ya ukungu.

Ninachokikosa katika gemu hizi ni watu. Barabara ya rali ya leo imefungwa. Watazamaji wako kando, na gari linalokuja mbele halipo. Gemu inaiga hivyohivyo. Safari ya zamani haikuwa hivyo. Tangu ilipoanza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, hadi ilipoondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, ilikimbizwa katika barabara zilizo wazi kwa kila mtu. Timu tajiri zilirusha helikopta mbele ya gari ili dereva aonywe kwa redio kwamba kuna ng'ombe, kuna lori, kuna basi linakuja. Joginder Singh alishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979. Hawa wanaume walikuwa na kasi, lakini kasi yao iliishi pamoja na mwenye punda aliyekuwa akijiendea sokoni.

Ajabu ni kwamba kile kidude cha bei rahisi cha miaka ya tisini, Brick Game, chenye skrini ya kijivu na betri za kalamu, kilikuwa na magari mengine. Gari lilikuwa vimraba vichache tu, na mchezo wote ulikuwa kuyakwepa ya wenzako. Tumepata picha nzuri kuliko zile mara elfu, na njiani tukawapoteza wenzetu.

Kwa mtoto wa Timboroa hilo si dogo. Mji wetu uko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, karibu na Ikweta, na barabara kuu inaukata katikati. Trela za kwenda Uganda zinapanda zikikoroma, matatu zinatafuta mwanya wa kuzipita, na pembeni kabisa, hatua chache kutoka kwenye lami, kina mama wamepanga ndoo za viazi na karoti. Hatujasahau jioni ya Juni 30, 2023 pale Londiani Junction, si mbali na hapa, lori lilipoacha njia na kuwaingilia wafanyabiashara na abiria waliosimama kando ya barabara. Walikufa watu zaidi ya 50.

Kwa hiyo siungi mkono kumnyang'anya mtoto gemu. Kasi anayoitaka ni ya kawaida katika umri wake, na mahali salama pa kuimalizia ni hapo kiganjani, ambapo gari likipinduka anaanza upya. Mzazi akae naye, ashike zamu yake, acheze. Kisha wanapovuka barabara pamoja amweleze kwamba hapa hakuna kuanza upya, na kwamba huyu mama wa karoti hayumo kwenye gemu yake.

Angeweza kuwamo. Mwaka 2011 kampuni ya Nairobi, Planet Rackus, ilitoa Ma3Racer, gemu ya simu ambamo dereva wa matatu anakimbia huku akiwakwepa watembea kwa miguu. Wakenya walilifanya hilo wakati simu nyingi zilikuwa bado za vibonyezo. Vijana mnaosomea kompyuta Chuo Kikuu cha Moi na Eldoret National Polytechnic, barabara mnayopita mkienda nyumbani inawangoja. Tengenezeni gemu ya Timboroa. Wekeni ukungu, mteremko, trela isiyo na taa za nyuma na ndoo za karoti pembeni ya lami, na anayemgonga mtu apoteze pointi zake zote.