Uhuru wa programu huria unapokwamia kwenye make

Nina ugomvi na watengenezaji wa programu huria. Ni ugomvi wa ndugu, si wa maadui, maana programu hizi nazipenda na nazipigia debe kila nikipata nafasi. Tunaambiwa programu huria ni ile unayoruhusiwa kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kumgawia mwenzako. Sawa kabisa. Lakini hebu ichukue ikiwa bado msimbo, yaani yale maandishi yaliyoandikwa na mtengenezaji mwenyewe, ujaribu kuijenga mpaka iwe programu inayofanya kazi. Hapo ndipo utajua kama uhuru huo ni wa kweli au ni wa kwenye karatasi.

Maelekezo yenyewe huwa mafupi na yanatia moyo. Andika ./configure, halafu make, halafu make install. Amri tatu tu! Ya kwanza inakagua kompyuta yako ina nini na imepungukiwa nini. Ya pili inageuza msimbo kuwa programu. Ya tatu inaipeleka programu mahali pake.

Sasa subiri. Amri ya kwanza inakimbiza mamia ya mistari kwenye skrini, kisha inagoma: kuna maktaba fulani ya programu haijaiona. Unaitafuta, unaiweka, unaanza upya. Inagoma tena, safari hii inataka nyingine. Hiyo nyingine nayo inataka toleo jipya kuliko ulilonalo. Mara unaambiwa faili iitwayo Python.h haipo, wakati Python unayo na unaitumia kila siku! Kumbe Debian, Ubuntu na ndugu zao huzigawa programu kama hizi vipande viwili: cha kutumia, na cha kujengea programu nyingine. Hicho cha pili jina lake huishia na -dev. Ukishaambiwa, ni kazi ya dakika moja. Shida ni kwamba ujumbe wa kosa hausemi hivyo.

Ni sawa na kumpa mtu mchele, nyama na bizari, halafu ukamwambia pilau apike kama kawaida. Kawaida ya nani?

Sehemu ya vurugu hii ni urithi. Programu ya make iliandikwa na Stuart Feldman katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1976. Aliamua kwamba mistari ya amri ianze na alama ya tab, si nafasi za kawaida. Baadaye aliona kwamba uamuzi ule haukuwa mzuri, lakini tayari alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili na hakutaka kuwaudhi. Leo, karibu miaka 50 baadaye, watu duniani kote bado wanapoteza saa nzima kwa sababu waliweka nafasi nane palipotakiwa tab moja. Kwa kuogopa kuwaudhi wale kumi na wawili!

Najua jibu la mafundi: nani kakutuma kujenga mwenyewe? Tumia apt, vifurushi vilivyojengwa tayari vipo. Kwa matumizi ya kila siku nakubaliana nao. Ila hicho kifurushi kuna mtu alikijenga. Na siku ukitaka kubadilisha hata neno moja ndani ya programu, huna njia nyingine. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice yenye menyu za Kiswahili. Hawakuhitaji kumpigia magoti mwenye kampuni, kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Lakini tafsiri peke yake ni orodha ya maneno tu. Ili "Hifadhi" ionekane kwenye skrini, lazima mtu aketi aijenge programu. Anayeweza kusoma msimbo lakini hawezi kuujenga ana haki ya kutazama tu.

Wala hili si wazo langu jipya. Leseni ya GPL toleo la 2, ya mwaka 1991, inaposema msimbo kamili inahesabu pia hati zinazoongoza ujenzi na usakinishaji wa programu. Maana yake waandishi wa leseni walijua mapema kwamba msimbo bila mapishi yake haujakamilika.

Kama unadhani haya ni malalamiko ya mtu asiye na subira, kumbuka kisa cha xz. Ni programu ya kubana mafaili, imo karibu katika kila mashine ya Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea. Akajitokeza msaidizi aliyejiita Jia Tan, akajenga imani taratibu mpaka akapewa madaraka ya kutoa matoleo. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia kwenye mashine kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa nyuma umefichwa katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1.

Ulifichwa wapi? Kipande kilichofyatua mtego hakikuwemo kwenye hazina ya msimbo inayoonwa na wote. Kilikuwa ndani ya furushi la kupakua, miongoni mwa hati zinazotumika kwenye hatua ya ./configure. Mwizi alichagua chumba kisichoingiwa na mtu. Hati hizo zina maelfu ya mistari iliyoandikwa na mashine, na sote tumezoea kuitazama ikipita mbio huku tukiomba isigome. Sisemi maelekezo mazuri yangemzuia mwizi. Nasema mahali panapochosha kila mtu ndipo pasipolindwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Halafu kuna suala la bando. Programu nyingi za siku hizi, ukianza kuzijenga zinaanza zenyewe kupakua vitu kutoka kila pembe ya intaneti, wakati mwingine mamia ya vipande. Umeme ukikatika au bando likiisha katikati, shauri yako. Na si kwamba haiwezekani vinginevyo: Debian inakataza vifurushi vyake vikuu kutafuta mtandao wakati vinajengwa, na maelfu vinajengwa hivyo.

Ninachodai ni kidogo. Mtengenezaji aorodheshe mahitaji yote na matoleo yake mahali pamoja. Ukaguzi utaje vyote vinavyokosekana kwa mkupuo mmoja, si kimoja kimoja. Na ajaribu maelekezo yake kwenye mashine mpya kabla ya kuyatoa. "Kwangu inafanya kazi" si jibu. Mimi mhariri akiniuliza habari nimeitoa wapi, siwezi kumwambia kwangu ipo.

Na sisi watumiaji tuna wajibu wetu. Kwenye Debian na Ubuntu, kabla ya kuanza kuhangaika, jaribu apt build-dep na jina la programu. Ukiwa umeruhusu vyanzo vya msimbo kwenye mipangilio, italeta mahitaji kwa pamoja. Ukifaulu kujenga kitu kilichokutesa, andika hatua zako na umtumie mtengenezaji. Ziandike na kwa Kiswahili pia, ili anayekuja nyuma yako asianzie sifuri.

Au nyie mnasemaje?