Ng'oa injini, acha pikipiki

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili, na safari hii si kazi iliyonishika, ni pikipiki. Nilikuwa nyumbani Siyu, kisiwani Pate, na nia yangu ilikuwa kulala, kula samaki na kutogusa kompyuta. Siku ya tatu tu binamu yangu akaingia uani akiikokota bodaboda yake. "Kaka, inagonga. Hebu nisikilizie."

Haikuhitaji masikio makali. Kila akivuta mafuta ilitoka sauti ya nyundo chini kabisa ya injini, si juu kwenye valvu. Nikamwambia azime mara moja. Tulipomwaga oili ikatoka nyeusi tii, na ndani yake vichembe vya chuma viking'aa juani kama magamba ya dagaa. Beringi ya kondirodi, ule upande wa kranki, imekwisha.

Kwa asiyejua: injini za bodaboda nyingi zina silinda moja na zinapoozwa kwa upepo. Hakuna maji, hakuna rejeta, hakuna pampu ya maji. Silinda imezungukwa na mapezi ya chuma, na joto linatoka kupitia mapezi hayo kwenda kwenye hewa inayopita. Sasa fikiria njia zetu za mchanga: abiria wawili nyuma, gunia la unga mbele, gia ya kwanza, mwendo wa mtu mwenye haraka zake kwa miguu. Hewa haipiti ya kutosha, na lita moja na ushei ya oili ndiyo inayobaki na mzigo wote. Binamu yangu alikuwa akiongeza oili bila kuibadilisha. Nilimpa maneno yake. Yeye naye akanipa yangu, tutafika huko.

Kubadilisha beringi ile ni lazima upasue injini nzima, na kranki ishindiliwe kwa mashine. Fundi tunayemwamini kwa kazi hiyo yuko Mombasa. Kuipeleka pikipiki yote maana yake ni kungoja maji yajae, kuipakia kwenye boti, kuishusha Mokowe, kisha kutafuta lori. Kila siku barabarani ni siku bila chakula kwake, na mkopo wa pikipiki haungoji. Injini peke yake inaingia kwenye gunia, na mimi nilikuwa narudi Mombasa Ijumaa. Kwa hiyo tukaamua kuing'oa.

Kazi hii nilijifunza kwa Kombi. Ami yangu, alipokuwa akiishi Kisauni, alinunua Kombi ya mwaka 1974 kutoka kwa Wazungu waliokuwa wakiizunguka Afrika hadi hela zikawaishia. Ndani ilikuwa nyumba kamili: kitanda, jiko la gesi, kabati la vikombe. Nyuma ilikuwa na injini ya silinda nne zilizolala, ya kupoozwa kwa upepo, ndugu wa zile injini za Volkswagen Beetle zilizoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962. Volkswagen ilianza kutengeneza Kombi mwaka 1950, na kule Brazil ziliendelea kutoka kiwandani na injini ya upepo hadi mwisho wa 2005.

Ile injini tuliing'oa uani, na nilikuwa mtoto wa shule. Ami alitoa betri, waya wa mafuta, nyaya za umeme na za joto, akachomoa mpira wa petroli na kuuziba kwa penseli yangu. Zilibaki boliti nne zinazoishikanisha na giaboksi, na kile chuma cha nyuma kinachoibeba. Tukaweka jeki chini yake. Hapo ndipo nilipopigiwa kelele, maana nilitaka kuishusha papo hapo. Haishuki! Kwanza unaivuta nyuma, imenyooka, mpaka shafti ya giaboksi itoke kwenye klachi. Ukiiachia ining'inie kwenye shafti kabla ya hapo, utaharibu klachi au shafti yenyewe. Ikishachomoka ndipo unashusha jeki pole pole. Kisha vijana wa mtaa wakainua nyuma ya gari, tukaiburuta ile injini ya kilo mia na ushei juu ya gunia.

Ya pikipiki ni mchezo ukilinganisha. Tangi, kabureta, ekzosi, plagi, waya wa klachi, cheni, soketi ya nyaya za umeme, halafu boliti za kwenye fremu. Mama alitupa nyuzi zake za kudarizi kofia, tukafunga kila waya uzi wa rangi yake ili kurudisha kusiwe kubahatisha. Boliti moja ilikuwa imeshikwa na kutu ya chumvi ikatula saa nzima. Kabla ya adhuhuri injini ilikuwa sakafuni.

Sasa maoni yangu. Watu hupenda kusema mashine za zamani zilikuwa nzuri kwa sababu zilikuwa rahisi. Sikubali. Injini ya Kombi ilitaka valvu zirekebishwe kila mara, ilipiga kelele, ilikunywa petroli, na sheria za moshi zilikuwa na haki ya kuisumbua. Injini ya maji ni bora kwa karibu kila kipimo. Uzuri wa ile ya upepo ni kwamba unajua inapoanzia na inapoishia. Mpaka wake na gari ni boliti chache, mpira mmoja, nyaya kadhaa. Yaliyomo ndani yanaweza kuwa magumu yatakavyo. Mwenye gari anaweza kuyatoa, kuyapeleka kwa anayejua, na kuyarudisha. Sisi waandishi wa programu tunahubiri jambo hili hili kila siku, sehemu zitengane na mipaka iwe wazi, halafu tunampa mteja kitu asichoweza kutoa hata skrubu moja.

Nilikuwa nikimweleza binamu yangu haya, kwa madaha kidogo, nakiri. Akafuta mikono na kuniuliza: "Hii tumeing'oa kwa spana tatu. Ile mashine yako ya dukani, kaka, inang'olewa kwa spana gani?"

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya mauzo kwa mteja mmoja. Inakaa kwenye kimashine kidogo dukani, inahifadhi bidhaa, mauzo na madeni. Mteja alitaka wasiolipa ada wafungiwe, kwa hiyo kila saa 72 inauliza seva kama ada imelipwa. Isipopata jibu, inajifunga. Dada yake binamu yangu anayo dukani kwake Faza. Ada alilipa. Mtandao ukakatika siku tano, mashine ikafunga, na madeni ya wateja wote yakafungwa nayo. Alirudi kwenye daftari, akaanza kuuliza watu wanakumbuka wanadaiwa ngapi. Unaweza kukisia kumbukumbu zilivyokuwa fupi. Ule mstari wa saa 72 niliuandika mimi, Mombasa, ofisini, mtandao ukiwa haujawahi kunikatikia siku mbili.

Siyu ni mji wa mafundi tangu zamani: ngozi, mbao, misahafu iliyonakiliwa kwa mkono. Hawaogopi kitu kigumu. Wanachohitaji ni kitu kinachofunguka. Na swali hili linakuja kwa kasi, kwa sababu pikipiki za umeme zimeshaingia Kenya. Kwa kisiwa chenye jua kama chetu nazitamani sana. Mota ya umeme ina vipande vichache kuliko injini yoyote. Lakini kama betri na mota zitatambuana kwa msimbo wa siri unaofunguliwa na kompyuta ya kampuni tu, basi tutarudi kuipakia pikipiki yote kwenye boti. Huko Marekani, jimbo la Colorado lilipitisha mwaka 2023 sheria inayowataka watengenezaji wa mashine za shambani kuwapa wakulima vipuri, vifaa na programu za kujitengenezea. Wakulima wa matrekta walipiga kelele hadi wakasikika. Wa bodaboda je?

Injini iko chini ya meza yangu ninapoandika, inanuka oili, mke wangu hajafurahi. Fundi ameniambia Jumatatu. Kwa yule mteja nimeandika barua pepe kupendekeza kwamba mtandao ukikosekana, mashine ikatae mauzo mapya tu, lakini daftari la madeni lisomeke na lichapishike daima. Ni kazi ya siku mbili na nimesema nitaifanya bure. Hajajibu bado.