Usimpe jibu, soma daftari lake

Leo naacha kidogo mambo ya seva na programu za simu, nataka tuongee kuhusu kazi ya ziada ya fizikia na kemia. Msiondoke, kompyuta tutairudia sasa hivi.

Hapa Turbo mtu akijua una digrii ya kompyuta anaamini unajua kila kitu chenye waya. Nimeletewa redio, nimeletewa pasi, na siku hizi naletewa watoto wa sekondari, hasa wakati wa likizo. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu, kwa hiyo likizo ndiyo nafasi ya mwanafunzi kushika simu ya mama, kupiga picha swali na kulitupia ChatGPT. Jibu linakuja na hatua zote, ananakili, amemaliza. Sina ugomvi na mashine yenyewe. Ugomvi wangu ni na dhana kwamba anachokosa mwanafunzi ni jibu. Jibu liko nyuma ya kitabu tangu zamani! Anachokosa ni mtu wa kusoma alichoandika yeye mwenyewe, mstari kwa mstari, hadi pale palipovunjika.

Chukua swali la kawaida kabisa la Kidato cha Tatu. Gramu 5.3 za sodiamu kaboneti zimeyeyushwa katika maji hadi zikafika sentimita za ujazo 250. Tafuta ukolezi kwa moli katika lita. Kijana mmoja alinijia na jibu 0.0002, kitabu kinasema 0.2, na yeye ameshaamua kwamba kemia si yake. Nikamwomba daftari. Sodiamu mbili ni 46, kaboni 12, oksijeni tatu ni 48, jumla 106. Safi. 5.3 gawanya kwa 106 ni 0.05. Safi pia. Halafu akagawanya 0.05 kwa 250. Hapo! Swali linataka lita, naye amegawanya kwa sentimita za ujazo. Weka 0.25 badala ya 250 na unapata 0.2. Jibu lake lilikuwa dogo mara 1000, na hiyo 1000 ndiyo inayomtaja mwizi kwa jina.

Sasa fikiria angepewa suluhisho zima, limepangwa vizuri kutoka juu hadi chini. Angeona nini? Angeona kwamba kazi yake yote ilikuwa bure, kumbe kemia yenyewe aliijua. Kilichomwangusha ni kipimo.

Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili sana. Kodi (ya kompyuta, si ya nyumba) ikikataa kufanya kazi, hakuna anayeifuta yote na kunakili ya mwenzake. Unatafuta mstari wa kwanza uliotoa kitu usichotarajia. Na vipimo vimewaangusha wakubwa kuliko huyu wa Turbo. Septemba 1999 chombo cha NASA kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika Mirihi, kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa paundi na nyingine ikazisoma kana kwamba ni niutoni. Wahandisi wazima, wenye shahada zao.

Kuna makosa mengine ambayo hata mashine nzuri haiwezi kuyakisia kama haijaona daftari. Kwetu gunia la mahindi lina "uzito wa kilo 90", na kila mtu sokoni anaelewa. Kwenye fizikia hizo kilo 90 ni tungamo, na uzito wake ni kama niutoni 900. Mtoto aliyekulia kwenye mahindi ya Uasin Gishu anaandika kilo mahali pa niutoni kwa sababu lugha ya nyumbani imemfundisha hivyo, na lugha ya nyumbani haina kosa lolote. Kumwambia tu "900" hakumsaidii.

Ila lililonigusa zaidi ni hili. Msichana mmoja alikuwa na jedwali la jaribio la kuchemsha maji. Mstari wa mwisho ulisema nyuzi 100, lakini chini yake, pamefutwa kwa raba, ungeweza kusoma 94. Kipimajoto chake kilikuwa sahihi! Eldoret iko mita kama 2,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, maji huchemka karibu nyuzi 93. Turbo tuko chini kidogo, kwa hiyo 94 ni namba ya kuaminika kabisa. Ndiyo maana maharagwe yetu hayaivi upesi kama ya Mombasa. Alikuwa amepima ukweli, kisha akaufuta ili ulingane na kitabu. Angeniuliza tu "maji huchemka nyuzi ngapi" ningemjibu 100 na kuendelea na shughuli zangu.

Tunaokota senti kwenye barabara tunayoachia noti. Fizikia chini ya 8-4-4 ilikuwa somo ambalo wanafunzi wengi waliliacha mwisho wa Kidato cha Pili, na bila fizikia husomei uhandisi chuo kikuu. Katika mfumo mpya uamuzi umesogezwa mapema zaidi. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walioingia Januari 2026 walichagua mikondo yao wakiwa bado Gredi ya 9. Mtoto wa miaka 14 au 15 anaweza kuikimbia sayansi kwa sababu ya nukta ya desimali.

Najua mtasema walimu ndio wenye kazi hiyo. Mwalimu mwenye madaftari ya darasa lililofurika atayasoma saa ngapi? Eneza Education, waliofundisha kwa SMS kupitia *291# hapa Kenya, waliruhusu mwanafunzi amwulize mwalimu swali hata kwa kabambe, na hilo lilikuwa wazo la maana. OpenAI nao Julai 2025 waliongeza kwenye ChatGPT hali ya kujifunzia, inayokuuliza maswali kabla ya kukupa jibu. Vizuri, ila ni kitufe, na kitufe mwanafunzi mwenye usingizi saa nne usiku atakizima. Ningekuwa mimi ningegeuza mpango: bila picha ya hesabu zako mwenyewe, hupati chochote.

Kwa sasa ninaowasaidia nimewapa maneno ya kuandika: "Hii hapa hesabu yangu. Usinipe jibu. Nionyeshe mstari wa kwanza wenye kosa na uniulize swali moja kuuhusu." Inafanya kazi kuliko nilivyotarajia, ikiwa mwandiko unasomeka. Kilichofutwa kwa raba bado inanibidi nikisome mwenyewe, daftari likiwa limeinuliwa dirishani.