MIPANGO YA KOMPYUTA ZA SHULE ITOKE KABATINI

Ndugu Wanachama,

Mzazi wa Satellite huamka alfajiri akaenda kwa miguu mpaka Industrial Area. Jioni akirudi, mtoto ampa barua ya shule: leta pesa za kompyuta. Kompyuta ngapi? Bei gani? Nani atazitengeneza zikiharibika? Barua haisemi. Mpango umefungiwa kabatini.

Kompyuta twazitaka. Mtoto wa Satellite hana kasoro mbele ya mtoto wa Lavington. Lakini twakumbuka mwaka 2013, Serikali ilipoahidi kila mtoto wa darasa la kwanza kompyuta ya mkononi. Mwaka 2014 zabuni ya mabilioni ya shilingi ikavunjwa kwa ugomvi. Mwaka 2016 zikaja tableti badala yake. Mzazi aliyasikia yote kwa redio, na pesa ni za kodi yake.

Wako watakaosema: mpango ukitangazwa, wezi watajua. Ndugu, mwizi hangoji tangazo. Huona masanduku yakishushwa. Asiyejua ni mzazi aliyelipa.

Tena shule ikijificha peke yake, muuzaji huiuzia kwa bei aipendayo. Shule ya Riruta ikisoma mpango wa shule ya Kawangware, itajua nani alilipa zaidi, na mashine gani zimelala kwa kukosa fundi au umeme. Sisi wa chama twalijua somo hili: mfanyakazi asiyejua mshahara wa mwenzake hupunjwa.

Na sheria iko upande wetu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya mwaka 2016 yasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, kulipeleka hakuna malipo, na jibu litoke kabla ya siku 21 kwisha. Shule ya umma ni mali ya umma.

Basi twadai hivi: kila shule ya umma iandike mpango wake kwa Kiswahili chepesi, pamoja na bei, fundi, na mafunzo ya walimu. Usomwe katika mkutano wa wazazi, ubandikwe ukutani, uwekwe kwenye intaneti shule zote ziuone.

Mkutano ujao wa wazazi usiukose. Simama uulize. Ukinyimwa jibu, andika ombi, na jirani yako atie sahihi pamoja nawe. Kidole kimoja hakivunji chawa.

UMOJA NI NGUVU!